Mwandishi Aliyejichapishia Anapotafuta Kazi Ng'ambo

Mwandishi aliyejichapishia hubeba kazi za watu watano. Huandika, humtafuta mhariri na kumlipa, humlipa msanifu wa kurasa na mchoraji wa jalada, hufuatilia namba ya ISBN, hulipia mtambo, na vitabu vikishatoka mtamboni hugeuka mchuuzi wa kazi yake mwenyewe. Shirika la uchapishaji lingefanya yote hayo kwa fedha zake na kumwachia mrabaha, ambao Afrika Mashariki mara nyingi ni asilimia 10 hivi ya mauzo. Anayejichapishia huchukua faida yote na hasara yote. Wengi wana kazi nyingine inayowalisha: ni walimu wa sekondari, waandishi wa habari wa kujitegemea, makarani, au wahitimu ambao ajira haijawafikia. Kitabu cha kwanza au cha pili kikishatoka na fedha zisirudi, baadhi yao huanza kutazama nje ya nchi.

Kujichapishia kwenyewe hakukuanza na simu za mkononi. Mkenya David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akatoa vitabu vya Kiingereza chepesi kama *After 4.30* ambavyo viliuzwa kwa wingi uliowashangaza wachapishaji wakubwa. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976, jambo ambalo bila shaka liliwaongezea watu hamu ya kuvisoma. Dar es Salaam nako Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za mpelelezi Joram Kiango, alikuwa na kampuni yake ya Heko. Watu hao walipata wasomaji wao nyumbani. Riwaya ya mfukoni haikuwa na washindani wengi wakati huo; Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mwandishi wa leo anagombania saa moja ya jioni ya msomaji dhidi ya mpira, tamthilia na simu iliyo kiganjani mwa msomaji huyo.

Hesabu za kitabu kimoja zinatosha kueleza kwa nini mtu anafikiria kuondoka. Chukua riwaya ya kurasa 200 inayochapwa nakala 500. Ikiwa uhariri, usanifu, jalada na mtambo, vikigawanywa kwa nakala, vinafikia shilingi 6,000 za Tanzania, na bei ya dukani ni 10,000, basi duka likichukua asilimia 30 mwandishi anabakiwa na faida ya 1,000. Akiuza mkono kwa mkono anapata 4,000, kabla ya nauli na gharama ya kutuma mzigo kwa basi. Nakala zote zikiisha, amepata kati ya laki tano na milioni mbili kwa kazi ambayo huenda ilimchukua miaka miwili. Tarakimu hizo ni za mfano, ila aliyewahi kujichapishia atazitambua.

Tena nakala haziishi haraka. Maduka mengi hupokea vitabu vya mtu binafsi kwa mali kauli: mzigo unaachwa, fedha zinalipwa kitabu kikinunuliwa na mwenye duka akikumbuka. Mwandishi huishia na daftari la vijideni vilivyotawanyika Kariakoo, Mwanza, Arusha na Unguja, na kwenda kuvikusanya kunaweza kula nauli kubwa kuliko deni lenyewe. Ndugu na marafiki wanataka nakala ya bure, tena yenye sahihi. Maboksi yaliyobaki yanalala chini ya kitanda, na mvua za masika zikianza ni lazima yainuliwe juu ya matofali.

Soko la uhakika la vitabu katika nchi hizi ni shule, na huko kitabu cha kiada au ziada hakiingii bila ithibati. Tanzania kazi hiyo inapita Taasisi ya Elimu, Kenya inapita KICD. Mtu binafsi hazuiwi kuwasilisha kitabu chake, lakini kuna ada, kuna muda wa kusubiri, na kuna masharti ya mtaala ambayo riwaya ya mapenzi au ya upelelezi haikuandikwa kuyatimiza. Kenya, mwaka 2013, iliongeza pia VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu.

Siku njema zipo, na zisipotajwa haieleweki kwa nini watu wanaendelea. Ipo siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akanunua nakala kwa laki moja mbele ya kamera. Upo ujumbe wa usiku kutoka kwa msomaji wa Maskati au Minnesota aliyetumiwa kitabu na dada yake, anayeuliza sehemu ya pili inatoka lini. Yuko mwalimu wa mkoani anayeagiza nakala 40 na kulipa kwa simu siku hiyohiyo. Siku za namna hiyo humtia mwandishi nguvu ya kuandika kitabu kingine, ila kodi ya nyumba haingoji kitabu kingine.

Wengi huonja ng'ambo kwanza kupitia Amazon, ambayo tangu mwaka 2007 humruhusu mtu yeyote kupandisha kitabu chake na kukiuza bila kulipia mtambo. Kitabu cha kielektroniki chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kumpa mwandishi asilimia 70 ya mauzo katika nchi zilizoorodheshwa. Nje ya hapo ni asilimia 35. Mauzo ya mwezi hulipwa takriban siku 60 baada ya mwezi huo kuisha. Kisha kuna kodi. Kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, mrabaha unaotokana na wanunuzi wa Marekani hukatwa asilimia 30 kabla haujatumwa. Namba ya ISBN ya bure inayotolewa huko haiwezi kutumika kwingine. Anayetaka kitabu chake kitambulike kama cha Tanzania hupata namba kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, nayo huanza na tarakimu za nchi, kama 9976 au 9987, baada ya 978. Za Kenya zenye 9966 hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Malipo ya kwanza kutoka Amazon, hata yakiwa dola kumi na moja, yana utamu ambao hauelezeki kwa hesabu. Na ndiyo yanayompa mwandishi wazo kwamba huko nje kuna fedha, na kwamba kitabu chake ni hati ya kumfikisha huko.

Wazo hilo la pili ndilo linalowapotezea waandishi wengi muda. Mwajiri wa ng'ambo, na ofisa wa viza hali kadhalika, hakihesabu kitabu kama mwenyewe anavyokihesabu. Swali lao la kwanza ni nani alikichuja. Kitabu kilichotolewa na shirika kina mhariri aliyekikubali na kukikataa kingine. Aliyejichapishia alijikubali mwenyewe. Hata katika ulimwengu wa fasihi ukuta huo upo: tuzo ya Booker ya Uingereza haipokei kabisa vitabu ambavyo mwandishi ndiye mchapishaji. Uamuzi huo haumaanishi kwamba kitabu ni kibaya. Unamaanisha kwamba msomaji wa barua ya maombi, mwenye barua mia mezani, hana muda wa kukisoma ili ajue, tena kimeandikwa kwa lugha asiyoijua.

Kinachosomeka kwake ni ujuzi uliozaa kitabu. Mtu aliyejichapishia mara tatu amesimamia bajeti, amefanya kazi na mhariri kwa tarehe maalumu, ametumia programu za kupanga kurasa, amejadiliana bei na wenye mitambo, ameuza, amekusanya madeni. Wasifu unaosema tu "mwandishi wa riwaya tatu" huwekwa kando. Unaosema kwamba mwombaji amehariri na kusanifu vitabu vitatu vya Kiswahili kuanzia mswada hadi dukani, na kwamba anaweza kutafsiri maneno elfu mbili kwa siku na kuyapitia, humpa mwajiri kitu cha kushika. Waandishi wengi huona aibu kujieleza hivyo, kana kwamba wanaishusha sanaa yao kuwa ufundi. Aibu hiyo ina gharama.

Jambo jingine linaloonekana dogo hadi siku ya miadi ubalozini ni jina. Riwaya nyingi za Kiswahili hutoka kwa jina la kalamu, au kwa majina mawili wakati pasipoti ina matatu. Mwombaji anapoweka kitabu kama ushahidi wa kazi, jina la jaladani linapaswa kuunganishwa na la kwenye pasipoti kwa hati: kiapo cha majina, usajili wa kazi kwenye ofisi ya hakimiliki (COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya), au ukurasa wa hakimiliki wenye jina kamili. Anayechapisha sasa na ana nia ya kuomba kazi nje aandike jina la pasipoti kwenye ukurasa huo, hata kama jaladani anabaki kuwa Mwana wa Mtaa.

Tuzo husaidia pale kitabu kinaposhindwa, kwa sababu nyuma ya tuzo kuna majaji. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye kuitwa Safal, imefungua njia kwa waandishi wa riwaya na mashairi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, hushindanisha miswada. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili ambazo hazijachapwa, bila ada. Mstari mmoja wa tuzo hizo kwenye wasifu, hata wa kuingia orodha ya mwisho, unasomeka haraka kuliko vitabu vitano.

Mlango ambao waandishi wa Kiswahili wameupita kwa muda mrefu zaidi ni wa lugha yenyewe. Abdilatif Abdalla alifanya kazi BBC London kuanzia mwaka 1979, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Leipzig kuanzia 1995 hadi 2011. Said Ahmed Mohamed alifundisha Osaka, Japani, kisha Bayreuth, Ujerumani. Mohammed Khelef Ghassani, mtangazaji wa Deutsche Welle mjini Bonn, alipata tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015 kwa diwani *N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ughaibuni*, wakati tayari yuko kazini huko. Mpangilio huo ni wa kuzingatia. Utangazaji na ualimu ndivyo vilivyowaajiri, si vitabu.

Redio, kwa bahati mbaya, si mlango mpana kama zamani. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, sasa kazi zake nyingi ziko Nairobi. Sauti ya Amerika ilisimamishwa na serikali yake Machi 2025, na watangazaji wa Kiswahili wakawa miongoni mwa waliosimamishwa kazi. Idhaa za Kiswahili za Bonn na Beijing bado zinasikika, ila nafasi zake ni chache na zinagombaniwa na waandishi wa habari wenye uzoefu wa studio.

Vyuo vikuu vya Marekani hufundisha Kiswahili, na mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha huwachukua vijana wa Kenya, Tanzania na kwingineko kwa miezi tisa. Mpango huo hutaka mwombaji awe na shahada ya kwanza, hupendelea walimu wa Kiingereza walio chini ya miaka 30, hulipa posho, na haumpi mtu shahada. Viza yake ina sharti ambalo wengi hulisoma wakiwa wamechelewa: baada ya muda kwisha mwalimu hurudi kwao na kukaa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani. Programu ya waandishi ya Iowa, iliyoanza mwaka 1967, nayo huwaalika waandishi wa dunia nzima kwa wiki kadhaa. Ni heshima kubwa, lakini ni mwaliko wa kuandika. Anayekwenda akidhani ni ajira atarudi na picha nzuri na madeni yaleyale.

Ukalimani umekua kimyakimya. Wakimbizi wengi wa Kongo waliohamishiwa Marekani wanazungumza Kiswahili, na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu huko zinatakiwa kumpatia mkalimani mgonjwa asiyejua Kiingereza. Mkalimani wa afya anayetaka cheti cha taaluma hupitia kwanza mafunzo ya angalau saa 40. Hapa mwandishi wa Kiswahili fasaha hupata somo asilolitarajia, kwa kuwa mgonjwa kutoka Uvira au Bukavu anasema Kiswahili kingine, chenye Kifaransa ndani yake, na msamiati wa kamusi haumsaidii kueleza maumivu ya nyonga. Anayekataa kujifunza Kiswahili hicho kwa kuwa "si sanifu" hafai kwa kazi hiyo.

Ujerumani imefungua njia inayofanana zaidi na hali ya mtu anayetafuta kazi, kwa sababu inamruhusu aingie kwanza ndipo atafute. Tangu tarehe 1 Juni 2024 kuna Chancenkarte, kadi ya fursa, inayompa mtu hadi mwaka mmoja wa kutafuta ajira, huku akiruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Mwombaji awe na shahada au mafunzo ya ufundi ya miaka miwili yanayotambuliwa na nchi yake, na ajue Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha B2. Kisha anahitaji alama sita. Asiyezidi miaka 35 hupata mbili, aliyeizidi lakini hajapita 40 moja. Kijerumani cha A2 kinampa alama moja, B1 mbili, B2 tatu. Kiingereza cha C1 kinaongeza moja. Uzoefu wa miaka miwili ndani ya miaka mitano iliyopita, unaohusiana na alichosomea, una alama mbili. Wa miaka mitano ndani ya saba una tatu.

Chukua mhitimu wa Kiswahili wa miaka 33, mwenye riwaya tatu alizojichapishia. Ana alama mbili za umri na moja ya Kiingereza. Akisoma Kijerumani Goethe-Institut ya Dar es Salaam au Nairobi hadi B1, anafikisha tano. Inabaki moja, na uzoefu ungemvusha kwa urahisi. Hapo ndipo miaka yake ya kuandika inapomsaliti, kwani ushahidi wa kawaida wa uzoefu ni barua ya mwajiri na hati za mshahara, na yeye alijiajiri bila kusajili biashara, bila risiti, bila marejesho ya kodi. Aliyesajili jina la biashara na kutunza mikataba ya uhariri aliowafanyia wenzake ana kitu cha kuonyesha. Aliyefanya kwa mdomo hana, naye hulazimika kurudi darasani kutafuta B2.

Kikwazo kizito zaidi ni fedha. Mwombaji wa kadi hiyo anatakiwa kuonyesha uwezo wa kujikimu, na kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka, ambazo kwa kawaida huwekwa kwenye akaunti maalumu inayotoa kiasi fulani tu kila mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Kwa faida ya shilingi 4,000 kwa nakala, mwandishi wa mfano wetu angehitaji kuuza zaidi ya nakala 7,500 mkono kwa mkono. Ndiyo maana wanaofanikiwa mara nyingi wana shamba lililouzwa nyuma yao, au kaka aliye Hamburg. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin Septemba 2024, lakini mkataba huo haukuondoa masharti ya lugha wala ya vyeti.

Uingereza imekwenda upande wa pili. Kazi za kulea wazee, zilizowachukua Waafrika wengi baada ya janga la korona, zilifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025, na siku hiyohiyo kima cha jumla cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kikapandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Mwandishi asiye na taaluma nyingine hana njia rahisi huko.

Njia iliyo karibu na wengi, hasa wa pwani, ni Ghuba. Oman, Qatar, Saudia na Falme za Kiarabu huajiri walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa nyumbani, na hakuna anayeuliza kuhusu kitabu. Kazi hupatikana kwa wiki badala ya miaka. Ulinzi wa kisheria ndio unaotofautiana sana. Qatar ilifuta kibali cha kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018 na kwa wa nyumbani mwaka 2020, na ikaruhusu kubadili kazi bila idhini ya mwajiri. Mageuzi ya Saudia ya Machi 2021 hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Mwandishi anayekwenda huko apime jambo moja ambalo mlinzi mwenzake hana haja ya kulipima, nalo ni kalamu. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Qatar na kuandika mtandaoni kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji kwa jina la kubuni la Noah, alikamatwa Mei 2021, akazuiliwa karibu mwezi mzima, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Aliyoyaandika yalihusu vyumba vya kulala na stahiki za walinzi. Kwa mizani ya nyumbani ni makala ya kawaida.

Kati ya maombi na majibu kuna miezi ambayo haina hadithi. Cheti cha kuzaliwa kinafuatwa RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, kwa sababu cha zamani hakikubaliki. Alama za vidole zinapigwa polisi kwa hati ya tabia njema. Hati ya matokeo ya chuo inasubiri mtu mmoja aliye likizo. Barua pepe inafunguliwa kabla ya kuswaki. Kukataliwa kwingi hakuandikwi, ukimya tu ndio unaorefuka hadi mtu anaelewa mwenyewe. Nyumbani swali la "umefikia wapi?" linaulizwa kwa upendo, na kila likiulizwa linauma. Kuandika husimama miezi hiyo, kwani akili iliyojaa fomu haitungi vizuri. Wanaoendelea kuandika aghalabu ni wale waliojipangia ukurasa mmoja wa asubuhi na kuacha fomu kwa mchana.

Ni katika miezi hiyohiyo matapeli huja, na mwandishi aliyejichapishia ana mlango wa ziada wa kuingiliwa. Kuna wakala wa kazi anayetaka fedha za "viza ya haraka", na kuna mchapishaji wa ughaibuni anayesifia mswada ambao hajausoma, akaomba dola elfu mbili za kuutoa na kuupeleka kwenye maonyesho ya vitabu. Wote wawili wanauza kukubaliwa kwa mtu aliyechoka kukataliwa. Mchapishaji wa kweli humlipa mwandishi, na mwajiri wa kweli hauzi ajira. Kwa upande wa kazi kuna pa kuuliza: Tanzania, wakala wa ajira anatakiwa kuwa na leseni, na TaESA ndiyo ofisi ya serikali ya huduma za ajira, Kenya ni Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Uingereza huchapisha orodha ya waajiri wote walioidhinishwa kuleta wafanyakazi wa kigeni, na yeyote anaweza kuisoma bure. Jina lisipokuwamo, mazungumzo yaishie hapo.

Waliofika huanza, wengi wao, kwa kile Watanzania wa nje wanachokiita kubeba boksi: ghala, usafi, jikoni. Hakuna fedheha ndani yake. Abdulrazak Gurnah, aliyefika Uingereza kutoka Zanzibar mwaka 1968, alifanya kazi hospitalini Canterbury akiwa mhudumu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987 na Nobel ikaja 2021. Shida ya boksi ni ratiba. Zamu ya usiku huiba saa za kuandika na haizirudishi siku ya mapumziko.

Sheria ya viza nayo huingia hadi kwenye uandishi. Mwanafunzi wa shahada Uingereza anaruhusiwa kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini haruhusiwi kujiajiri, na meza ya kuuzia vitabu kwenye tamasha inaweza kuhesabiwa hivyo. Ujerumani inayo ruhusa ya ukaazi kwa waandishi, watafsiri na waandishi wa habari wanaojitegemea, mradi waonyeshe kazi ipo na fedha zipo. Aliyekwisha kutambuliwa huko anaweza kujiunga na mfuko wa bima wa wasanii na waandishi, Künstlersozialkasse, ambao humwezesha kulipa nusu hivi tu ya michango ya bima ya afya na pensheni. Sharti ni kipato cha angalau euro 3,900 kwa mwaka kutokana na sanaa, na anayeanza husamehewa kiwango hicho kwa miaka mitatu. Ni mfuko ambao Mwafrika anayeandika angepaswa kuuulizia mapema kuliko wengi wanavyofanya.

Kuna faida moja ya kukaa nje ambayo haimo kwenye fomu yoyote: wasomaji wa ughaibuni. Mzazi wa Kitanzania aliye Stockholm au Houston, ambaye mtoto wake anasahau Kiswahili, atanunua kitabu cha hadithi cha watoto kwa euro kumi bila kuomba punguzo. Waandishi waliokwisha kuligundua hilo huacha riwaya nene kwa muda na kutoa vitabu vyembamba vya watoto. Ni uamuzi wa kibiashara ulio sahihi, hata kama riwaya inalalamika.

Vitabu vilivyobaki nyumbani vinahitaji mtu. Mwandishi akiondoka, maboksi, namba ya simu inayopokea malipo na deni la mali kauli hubaki kwa ndugu au rafiki, na ugomvi mwingi wa waandishi walio nje huanzia hapo: nakala zimechapwa upya bila kuambiwa, hadithi imegawanywa kwa mafungu mtandaoni kwa jina la mwingine. Kisheria msimamo wake ni imara. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, hivyo kazi yake inalindwa pia katika nchi anakokwenda, na hakimiliki katika nchi zote mbili hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Haki hiyo ni rahisi zaidi kuidai ikiwa kuna karatasi. Kabla ya kupanda ndege, mwandishi amwandikie anayemwachia vitabu makubaliano ya ukurasa mmoja yanayotaja idadi ya nakala, bei, mgawanyo wa fedha na nani mwenye ruhusa ya kuchapa upya, kisha watie saini wote wawili mbele ya shahidi.